Alirudi Kuniposa Baada ya Kunifukuza kwa Vigelegele

Nilikuwa nimeshika ukuta, napanda ngazi za nyumba ya mume wangu, tumbo linaniuma, ndipo niliposikia vigelegele.

Nikadhani ni harusi ya jirani. Nyumba zetu za Mji wa Kale, Mombasa, zimebanana, mtu akipiga chafya huku, wa nyumba ya pili ndiye anayemwombea rehema.

Nikaendelea kupanda, polepole. Asubuhi ile ndiyo nilikuwa nimeruhusiwa kutoka hospitali. Mimba yangu ilikuwa imetoka... ya pili hiyo. Ziad, mume wangu, hakuja kunitazama hata mara moja. Aliniambia kwa simu ana kazi nyingi.

Pale ngazi zinapokata kona nikakuta mifuko mikubwa ya nailoni imeegemezwa ukutani. Mmoja ulikuwa wazi.

Nikaona buibui langu.

Nikaona leso za marehemu mama yangu.

Nikaona mbuzi yangu ya kukunia nazi, imetupwa juu ya nguo.

Nikainua macho. Mama mkwe wangu, Bi Mona, alikuwa amesimama mlangoni, kavaa gauni la harusi, udi unafuka nyuma yake.

"Mama, kuna nini?"

"Najla, rudi kwenu."

"Kwetu ni hapa."

"Ziad ameoa leo. Rudi kwenu, mwanangu."

Halafu akafunga mlango. Nikasikia komeo likiingia.

Ndani vigelegele vikaanza tena...

Ndugu zangu mnaonisoma, sikulia. Nilisimama pale, damu bado inanitoka, nikasikiliza wimbo mzima wa bibi harusi mpaka mwisho. Kisha nikampigia simu kaka yangu Kamaludin aje anisaidie kubeba mifuko.

Talaka niliipata jioni, kupitia kwa kaka. Moja. Ziad hakuweza hata kuitamka mbele yangu.

Baada ya muda mfupi akaondoka na mke wake mpya kwenda Maskati. Mimi nikabaki Kibokoni, kwenye chumba cha nyuma cha kaka yangu, na hasira.

Naomba mnielewe hapo. Watu walikuja kunipa pole, wakatarajia wamkute mtu wa machozi. Walinikuta nasugua masufuria kama naua mtu. Nilikuwa nikisikia vigelegele mtaani nafunga madirisha. Nikialikwa harusi nasema naumwa. Binti wa jirani akaja kunionyesha pete yake ya posa, nikamuuliza: "Na mifuko umeshanunua?" Hakunielewa. Afadhali.

Miaka ikapita hivyo. Minane.

Nikapata kazi Mbaraki, kwenye ofisi inayotoa mizigo ya watu bandarini. Nakaa dirishani, napokea wateja. Kando yangu anakaa Mwende, Mkamba wa Machakos, mwanamke asiyejua kuzunguka na maneno. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe una uso wa mtu anayedai." Tukawa marafiki.

Hapo ndipo alipoingia Gharib.

Gharib ni fundi wa makontena ya friji, yale yanayobeba samaki na matunda. Miaka mingi ya kusimama kando ya jenereta imemharibu masikio. Kwa kuwa yeye hasikii vizuri, anadhani na sisi hatusikii. Gharib akikuambia siri, inafika getini.

Alianza kuniletea chakula cha mchana.

"Bi Najla, nimekupikia samaki wa kupaka."

Madereva wote nje wakageuka.

Nikamla yule samaki. "Chumvi imezidi," nikamwambia.

"Najua. Hata mimi nimemla kwa shida."

Mwende akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, ila nilimaliza sahani.

Hivyo hivyo, wiki baada ya wiki. Samaki, maharagwe ya nazi, wali ulioshika chini. Hakuniomba namba ya simu. Hakunisifu macho. Alikuwa akiuliza, "Umeamkaje?" halafu anasubiri jibu kwelikweli, mkono sikioni, asikose neno.

Kumbe na mimi nilikuwa nasubiri hiyo saa ya mchana. Hilo lilinikasirisha zaidi. Nilijiona kama mtu anayerudi kuchezea moto uliomuunguza.

Siku moja akasimama dirishani, wateja wamejaa.

"Bi Najla, mimi nataka kukuoa. Kama kuna mtu wa kuulizwa, niambie nimwendee."



"Bwana Gharib, wewe huna haya?"

"Haya ninayo. Sauti ndogo ndiyo sina."

Watu wakacheka. Hawakunicheka mimi, najua leo. Lakini siku ile nilisikia kicheko, nikarudi pale pale kwenye kona ya ngazi, mlango umefungwa na watu wanafurahi ndani. Nikasimama.

"Wewe mke wako alikukimbia," nikamwambia, mbele ya wote, jambo nililolisikia kwa madereva. "Ungekuwa mwanamume wa maana angekaa. Sasa unatafuta wa kuziba pengo."

Kicheko kikafa.

Gharib alinitazama tu. Nilijua amesikia, kila neno.

"Unataka niache?"

"Acha."

"Haya. Nimeacha."

Na aliacha kweli. Kesho yake akaja na karatasi zake za kazi, akaitolea salamu ofisi nzima, akaondoka. Na keshokutwa hivyo hivyo. Mchana nikawa nakula mkate wa dukani.

Nikakasirika kupita kiasi.

"Si ulimwambia aache?" Mwende akaniuliza.

"Nilimwambia."

"Sasa unanuna nini?"

"Sijui."

"Mimi najua. Ulitaka umfukuze na abaki."

Nikamwambia ashughulike na mafaili yake.

* * *

Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, nimerudi kutoka kazini nikamkuta wifi yangu ametoa vikombe vya wageni. Kahawa inanukia. Mkate wa mayai umekatwa.

"Nani anakuja?"

"Wewe kabadilishe nguo tu."

Nilipoingia sebuleni, nikasimama pale pale mlangoni.

Ziad.

Amenenepa. Ndevu kazipaka rangi. Amekaa kando ya ami yake, Mzee Yeslam, mtu anayeheshimiwa Mji wa Kale mzima, na mbele yao sinia la halua limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Ami Yeslam," nikasema. Ziad sikumsalimu.

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

Nikakaa.

"Mambo ya zamani yalikuwa mazito," mzee akaanza. "Kijana amekosa na amekiri. Anataka akurudie kwa nikahi mpya. Ilitoka talaka moja tu. Mlango haujafungwa."

"Mlango ulifungwa, Ami. Mimi nilikuwa nje yake."

Mzee akatazama chini.

Ziad akachukua zamu yake. Sauti imejaa machozi. Yule mwanamke wa Maskati wameachana, akasema. Amejua thamani yangu akiwa amechelewa. Mama yake, Bi Mona, ameanguka kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi.

"Kila siku anakutaja wewe, Najla. Wewe tu."

Nikacheka. Kicheko kibaya, hata mimi kilinitisha.

"Mama yako ananitaja mimi?"

"Wallahi anakutaja."

Kamaludin akaweka mkono begani mwangu. "Ndugu yangu, miaka yote hii umejifungia. Fungua moyo."

Wifi naye, kutoka mlangoni: "Wangapi wanabahatika kurudiwa? Fungua moyo, Najla."

Wiki ile nzima nilisikia neno hilo mpaka nikataka kutapika. Shangazi yangu alipiga simu: fungua moyo. Mwuza viungo wa Ndia Kuu, ambaye hata simjui vizuri, akanipimia binzari na kuniambia nifungue moyo. Mama mmoja akanishika mkono njiani: "Mwanamke aliyeachwa akirudiwa ni heshima, usiichezee."

Na sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia yeyote nyumbani.

Nilianza kushawishika.

Ziad sikumtaka. Nilikuwa nikimtazama naona mifuko ya nailoni. Lakini nilijiona nikipanda zile ngazi tena, nimevaa, vigelegele safari hii ni vyangu, na wote waliokuwa ndani siku ile wanatazama. Nilitaka ushindi. Nilitaka sana.

Nikamwambia Mwende.

"Unampenda?" akauliza.

"Simpendi."

"Sasa unarudi kwa nini?"

"Nataka waone."

"Waone kina nani?"

"Wote."

Mwende akaweka kalamu chini. "Basi utaolewa na wote. Mimi nisingependa waume wengi hivyo."

Nilimkasirikia. Lakini usiku ule na kesho yake neno lake halikuniacha. Nikaamua, kabla sijajibu ndiyo wala la, nitakwenda kwa Bi Mona. Si kumtazama mgonjwa, nisiwadanganye. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga miaka minane, na nilitaka kuyamaliza angali hai.

* * *

Nilikwenda asubuhi, wakati najua Ziad yuko sokoni. Jirani mmoja aliyekuwa akimpa uji alinifungulia, akaniambia anashuka chini kidogo, akatuacha.

Bi Mona alikuwa amelala ubavu. Mdomo umevutwa upande mmoja. Chumba kimefukizwa udi, lakini chini ya udi ule nilinusa shuka ambayo haikubadilishwa tangu jana.

Yule mwanamke aliyejaza mlango siku ile... alikuwa amebaki kidogo kama mtoto.

Sikumwonea huruma. Nilisimama miguuni pa kitanda nikasema.

Nilisema yote. "Ulinifungia mlango damu inanitoka. Uliniita mwanangu na huku unanifukuza. Nilikupikia, nilikukanda miguu, nilikuita mama kwa sababu wangu alikufa. Hukunipa hata kiti nikae kabla ya kunitoa. Hata maji."

Nilisema mpaka koo likauma. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akasema, ulimi mzito, neno moja moja: "Kaa kitako."

"Sikai."

"Basi simama. Lakini sikia."

Akavuta pumzi.

"Mimi sikukupenda, Najla. Nilitaka wajukuu. Mlango nilifunga kwa mkono wangu huu uliokufa, na sikumwambia mtu nimekosa. Sitaki nikudanganye sasa kwa kuwa nimelala."

Akageuza kichwa, akanitazama.

"Lakini usirudi."

"Nini?"

"Usirudi kwa Ziad. Anadhani kichwa changu kimekufa pamoja na mkono. Anazungumza na mkewe wa Maskati papa hapa, amekaa juu ya kitanda changu. Hajamwacha. Hawajagombana hata siku moja. Amemwambia ukishaingia wewe ndani, yeye anapanda ndege."

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Anatafuta mtu wa kunigeuza," akasema. "Wa kunifulia shuka. Mtumishi anaweza kuondoka akichoka. Mke haondoki."

"Aliniambia kila siku unanitaja."

"Nakutaja. Namwambia akuache."

Nikakaa.

"Na wewe atakutunza nani?"

"Nina ndugu. Nina mwana. Wewe si mwanangu, na huna deni na mimi."

Hakuniomba msamaha, na mimi sikumpa. Nilimbadilisha shuka kwa sababu nisingeweza kumwacha vile, nikashuka.

Miaka minane nilimwekea hasira bibi yule, na yeye ndiye pekee katika mji mzima aliyeniambia kweli. Wote walionipenda walikuwa wananisukuma shimoni kwa tabasamu.

* * *

Siku ya jibu, walikuja tena. Safari hii na sanduku la nguo.

Wifi alikuwa amesimama kando ya mlango, namwona ameshaandaa kigelegele mdomoni.

"Nina ombi moja kabla ya kusema," nikawaambia.

"Sema, binti yangu," akasema Mzee Yeslam.

"Nataka kuzungumza na yule mwanamke wa Maskati. Nimuulize waliachana kwa nini. Mwanamke ana haki ya kujua anaingia wapi."

Ziad akajikuna ndevu. "Namba yake nilishaifuta."

"Mimi ninayo," akasema mzee, kwa nia njema kabisa. "Alikuwa akinipigia Idd."

"Ami, hakuna haja..."

"Haja ipo. Ombi lake ni la haki."

Akapiga. Akaweka simu mezani, sauti nje, ili na mimi nisikie.

Ikaita.

"Ami Yeslam, shikamoo," sauti ya mwanamke, changamfu, watoto wanapiga kelele nyuma yake. "Habari za huko? Mama anaendeleaje?"

"Marahaba, binti. Tuko salama..."

"Ziad ameshampata yule mwanamke wa kumtunza? Aliniambia ni mtu wenu wa zamani, ameizoea nyumba. Mwambie afanye haraka basi, watoto wanamlilia baba yao."



Mzee Yeslam akaishika simu kwa mikono miwili, akasema atapiga baadaye, akaikata. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ziad."

"Ami, sheria inaniruhusu wake wanne."

"Sheria haikukuruhusu kuongopa. Umenileta mimi, na mvi zangu, nije kumposa mtoto wa watu kwa uongo."

"Nilikuwa nitamtunza, Ami. Nilikuwa nitaleta matumizi kila..."

"Nyamaza."

Ziad akanigeukia mimi. Hata wakati ule, wasomaji wangu, hata wakati ule alijaribu. "Najla, wewe una moyo mzuri. Fikiria mama."

Niliinuka. Hasira yangu ya miaka yote ilikuwa imesimama na mimi, lakini haikuwa inatetemeka tena. Ilikuwa imetulia, inajua inamtazama nani.

"Mama yako ndiye aliyenikataza kurudi," nikamwambia. "Alikusikia. Kila simu uliyopiga juu ya kitanda chake, alikusikia."

Akamtazama ami yake.

"Toka. Na sanduku lako."

Akatoka. Mzee Yeslam akabaki nyuma kidogo, akaniambia "Niwie radhi, binti yangu," na mzee wa umri ule akainamisha kichwa mbele yangu.

Kisha nikawageukia wa kwetu.

Kamaludin akataka kusema. Nikainua mkono.

"Mlinipa chumba, nashukuru. Lakini nilipofukuzwa hakuna aliyekwenda kugonga ule mlango kuuliza kwa nini. Leo amekuja na halua, mmemfungulia, na kazi ya kufungua moyo mmenipa mimi. Mlimuuliza nini? Mlipiga simu moja? Mzee wa watu ametumia dakika moja kujua ukweli. Nyinyi mlikuwa na wiki."

Wifi akaanza kulia.

"Usilie," nikamwambia. "Siku ile ningelia mimi, na sikulia."

Kaka yangu alikaa kitako sakafuni, mtu mzima, akashika kichwa. Ilichukua muda mrefu mimi na yeye kurudi kuzungumza vizuri. Siwezi kuwaambia tulikumbatiana pale pale. Hatukukumbatiana.

* * *

Mngedhani hapo nilikuwa huru. Nilikuwa bado nawaka. Lakini ndani ya moto ule kitu kimoja kilionekana wazi: katika watu wote walionitaka nifungue moyo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimeamkaje akasubiri jibu. Aliyefanya hivyo nilimfukuza mimi mwenyewe.

Gharib anaishi Likoni. Jumatatu, baada ya kazi, nikamtangulia Feri, pale wanapovukia.

Mnajua Feri jioni. Watu kama siafu, wauza machungwa, wauza korosho, kila mtu anataka kuwahi kuvuka. Nikamwona mgongo wake kwenye umati.

"Bwana Gharib."

Hakusikia.

Nikaita tena, kwa nguvu. Watu wote wakageuka, yeye wa mwisho.

"Kuna kontena limeharibika?"

"Hakuna. Nimekuja kwako."

Akatega sikio. Nikarudia, na muuza machungwa akaacha kumenya ili asikie vizuri.

"Nilikusema vibaya mbele za watu," nikasema. "Nimekuja kukuambia mbele za watu kwamba nilikosa."

Nilidhani atafurahi. Kwa kweli nilidhani, mtu mpole kama yule, atacheka, atasema yamekwisha.

Hakucheka.

"Uliniumiza," akasema, kwa sauti yake ile ile, Feri nzima ikasikia. "Mke wangu alinikimbia kweli. Hukusema uongo, ndiyo maana iliuma. Nilikaa miaka sijamsemesha mwanamke. Wewe ulikuwa wa kwanza. Ukanivua nguo mbele ya wateja."

Akasogeza begi lake begani.

"Watu wakiniona nacheka wanadhani sina hasira. Ninayo, Bi Najla. Hata sasa ninayo."

Miaka yote nilidhani hasira ni yangu peke yangu, kama vile hakuna mwingine aliyewahi kufungiwa mlango. Na hapa nilikuwa nimemfungia mtu, kwa mkono wangu.

"Basi kasirika," nikamwambia. "Una haki. Mimi nitakuwa pale pale dirishani. Sitakwenda kokote."

Geti likafunguliwa. Umati ukamchukua. Hakunijibu.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, uso unawaka kwa aibu, na nitawaambia kweli: ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuogopa kumkosa mtu. Inauma. Nilikuwa nimesahau inavyouma.

Siku zikapita. Alikuja na karatasi zake, akasalimu, akaondoka. Mwende akanitazama, safari hii hakusema kitu.

Halafu mchana mmoja akasimama dirishani, mikono mitupu.

"Bado nimekasirika," akasema. "Lakini nimechoka kukasirika peke yangu. Twende tukale."

Tulikula viazi karai vya kibandani, tumekaa kwenye benchi, na tulizungumza mpaka Mwende akaja kututafuta. Nilimwambia kuhusu mimba zangu mbili. Sikuwahi kumwambia mwanamume. Alinitaka nirudie, hakusikia vizuri, nikarudia... na mara ya pili ndipo nililia. Miaka minane nilikuwa nayo hiyo.

Hatukukimbilia nikahi. Tulichukua muda, wa kukosana na wa kuulizana. Alikuja kwa kaka yangu na dada yake mkubwa, na safari hii Kamaludin alimuuliza maswali mpaka Gharib akatoka jasho. Tulioana mwezi wa Shaabani uliopita, harusi ndogo. Vigelegele vilipoanza moyo ulinipiga vibaya, nikamshika Mwende mkono, vikapita.

Sijapona kabisa. Kuna siku Gharib akichelewa feri mimi nishamhukumu na kumnyonga kabla hajafika mlangoni. Akifika namwambia. Yeye pia ana siku zake, ananiuliza kama nitaondoka. Tunajibizana, majirani wanasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, wake.

Ziad bado yuko Mombasa. Ami yake alimwambia atamgeuza mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na ukoo mzima unamtazama. Bi Mona nimekwenda kumwona mara mbili. Hatuzungumzi sana.

Sasa nyinyi mnaosoma hapa. Najua kuna dada mmoja, au kaka, anayekaa na jeraha la zamani, na jamaa zake wamemzunguka wakimwambia aache hasira, afungue moyo, amrudie aliyemvunja kwa sababu amelia kidogo na ameleta halua.

Hasira yako si ugonjwa. Wakati mwingine ndiyo pekee iliyokumbuka ulichofanyiwa wakati wengine wote wamesahau. Ila ichunge imlenge aliyekukosea, isimpige kila anayekaribia na sahani ya chakula. Mimi nusura nimrudie aliyeniua na nimpoteze aliyekuwa akiniuliza nimeamkaje.

Moyo ufungue. Nakuambia mimi niliyekuwa nimeupiga komeo. Lakini akija mtu kukuambia ufungue, muulize swali moja kwanza, na usiondoke mpaka akujibu.

Nimfungulie nani?